Jaa la Bibi na Wageni wa Ng'ambo

Enzi zetu pale Kisauni, kitu kikivunjika hakikuwa kimeisha kazi. Sahani ikipasuka, mama alifoka, sisi tukagombania vigae vya kurukia vyumba tulivyochora mchangani. Mwenye kigae chenye ua la buluu alibembelezwa kama bwana harusi. Changu nilikibadilisha kwa maembe na zamu ya baiskeli, na hadi leo nahisi nilipunjwa. Watoto wa siku hizi simu ikipata ufa tu wanalia kama wamefiwa.

Vigae vizuri vilitoka kwenye jaa la Bibi, nyuma ya nyumba. Taka zilitupwa pale tangu Bibi hajazaliwa. Siku moja akaja kijana mkalimani, akavua viatu mlangoni, akatoa shikamoo. Akasema kuna wataalamu wa mambo ya kale, wa chuo cha utafiti cha ng'ambo, wanaomba kuja kesho kuchimba lile jaa.

"Karibuni sana, mwanangu," Bibi akajibu.

Kijana alipopinda kona tu, akatugeukia wajukuu. "Watu wapande ndege waje kutazama uchafu wangu? Wallahi haiwi. Leteni majembe!"

Tulichimba mpaka magharibi. Mkokoteni ulikwenda na kurudi kwa jirani, Bi Zuhura, ambaye ua wake ulijaa maji kila mvua na alikuwa akililia kifusi. Asubuhi, palipokuwa jaa pamefagiliwa, pamenyunyizwa maji, pametandikwa mkeka, na mahamri yanafuka moshi.

Mkuu wa wageni, mama mwenye kofia pana, alitazama chini kama aliyeangusha pete.

"Bibi, lile jaa?" mkalimani akauliza kwa sauti ndogo.

"Jaa? Kwangu? Uliliona wapi?"

Mdogo wetu Athumani, asiyejua kunyamaza, akanyoosha kidole kwa Bi Zuhura.

Wageni wakahamia huko. Mkalimani alitueleza kwamba udongo ule ulikuwa umelala tabaka juu ya tabaka, kila moja na umri wake, nasi tumeukoroga kama uji. Hata hivyo waliupepeta, na Bi Zuhura akawamiminia kahawa, shingo juu. Bibi chakula kikamshinda. Mwisho akavaa buibui, akaenda.

"Bi Zuhura, wageni walikuwa wangu."

"Na kifusi ni changu, shoga. Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa udongo. Vigae sikukupa."

"Basi ungevichambua kwanza, kama mchele!"

Walivutana mpaka wakapatana: asubuhi wageni wapepete kwa Bi Zuhura, baada ya alasiri wanywe kahawa kwa Bibi. Mimi nauza nguo soko la Kongowea, na sijaona mapatano makali kama yale.

Siku hizi pale pana ghorofa. Taka huchukuliwa na lori, na vikombe ni vya plastiki, havivunjiki wala havina ua. Juzi nilipita, nikachokora kwa ncha ya kiatu kando ya ukuta, nikitafuta hata mkono wa kikombe cha Bibi.

Hakuna. Alikuwa hodari mno wa kufagia.