Kibuyu cha Chepkemoi

Naomba mnicheke mapema, tumalizane. Baada ya miaka ishirini ya kuzurura mji hadi mji, nilirudi kwetu Merigi mwezi uliopita. Kila asubuhi, pale tunapopimia majani chai, binti mmoja aitwaye Chepkemoi alinikabidhi kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Mimi peke yangu.

Kwenye simu nilikuwa nimemtazama mtaalamu akisema tabia zetu tumezirithi kutoka kwa mababu wa mapangoni: mwanamke akimlisha mwanamume, amemchagua. Nikaamini nimepata mke, hatimaye nitatulia. Jumanne nikaihutubia foleni nzima kuhusu mageuzi ya binadamu, halafu nikamgeukia. "Chepkemoi, damu yako imeshanichagua. Nije kwenu lini?"

Akashika mdomo. "Woi, baba! Mimi ni binti wa Kiprono. Si mlitahiriwa pamoja? Alisema ukirudi tukutunze, kwa sababu huna mtu."

Hapa kwetu, binti wa mtu uliyetahiriwa naye ni binti yako, na hilo mtaalamu hakulitaja.

"Wewe umezurura mpaka ukasahau watoto wako?" mzee mmoja akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Nikapokea kibuyu kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu."