Lori Lililokataa Kuharibika

Lori letu linapumua. Sisemi hivyo kupamba. Mwalimu wa Kiswahili ameshanikata maksi za kutosha kwa mapambo. Baba akizima injini, upepo wa breki unaendelea kuvuja chini taratibu, sssss, kwa muda mrefu, halafu unakata, halafu unatoka tena kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo. Mchana wa jua kali mbuzi wamelala, kuku wamelala, hata mbwa wetu ambaye kazi yake ni kubweka amelala, na kitu pekee unachokisikia kikipumua uani ni lile lori.

Baba alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya jeshi. Lina pua ndefu, matairi kama mapipa, turubai nyuma, na mabenchi mawili ya mbao kwenye bodi. Mabenchi hayo yamesuguliwa na makalio ya watu tusiowajua mpaka yanang'aa. Mvua ikinyesha, turubai linatoa harufu ya viatu na jasho la watu wengi. Nimekaa pale nyuma peke yangu mara nyingi tu, na kila nikikaa najikuta nimesogea pembeni, kana kwamba kuna mtu nampisha. Nikigundua nasema kwa sauti, "Samahani afande, sikukuona." Kisha nashuka kwa mwendo wa kawaida kabisa, ule wa kawaida unaokaribia mbio.

Raia haruhusiwi kutembea na rangi ya jeshi, kwa hiyo baba alilipaka bluu. Kila masika bluu inabanduka mlangoni na zile namba nyeupe za zamani zinarudi, moja baada ya nyingine. Baba anapaka tena. Zinarudi tena. Nilimwambia jeshi linadai gari lake, akanirushia brashi.

Lakini kasoro yake kubwa ilikuwa hii: lilikuwa haliharibiki.

Usicheke. Baba anabeba viroba vya mawe huko Katoro, kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, mpaka kwenye karasha, mashine zinazosaga mawe yale kuwa unga. Akipata nafasi ya kuja nyumbani, huku kwetu, mbele kidogo ukitoka Tinde, anakuja nalo. Masika malori mapya yanazama kwenye tope mpaka ekseli, wenye nayo wamesimama kando wanapiga simu. Letu linapita katikati yao polepole, bila haraka, kama mzee anayekwenda kanisani. Ukigusa stata mara moja, limewaka. Mwalimu wa fizikia aliposema kila mashine huchoka, nilinyoosha mkono nikamkaribisha nyumbani. Nilichapwa.

Ukimuuliza baba siri, alikuwa na jibu moja: "Grisi." Kila akitoka kanisani anavua shati la kwaya, anaingia chini na kopo lake. Bibi yangu, mama yake baba, naye alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi anafuta vioo vya lori kwa kitambaa, anagonga boneti kwa kiganja, analisalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka." Bibi anasalimia kila kitu, hata redio. Lakini watu hawakumwona akisalimia redio. Walimwona akisalimia lori.

Maneno nilianza kuyasikia Katoro, likizo moja nilipomsindikiza baba. Mchimbaji mmoja, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, aligonga boneti akauliza, "Mzee, humu umemfungia nani?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Aliutazama mkono wake uliogusa lori, kisha akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena.

Kwetu kitu kizee kikifanya kazi bila kuchoka, watu wanasema kuna msukule ndani: mtu aliyekufa, akazikwa, akaliliwa na watu wake wote, kumbe kuna aliyemchukua akamtumikishe. Na msukule lazima awe na mwenyewe. Sasa pale kwetu mwenyewe nani? Baba anaimba kwaya, tena vibaya. Mama mnyamavu, haachi kibarua chake cha pamba. Mimi mpuuzi, hilo kila mtu anajua. Akabaki bibi: mjane, mzee, macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia. Kwenye kijiji cha ng'ambo ya mbuga kulikuwa na bibi mwenye macho kama yake. Nyumba yake iliungua mchana kweupe, na majirani walikuja wote. Hakuna aliyebeba ndoo.

Kwa hiyo bibi alipofika bombani na wanawake wakanyamaza, tulielewa. Jirani yetu, ambaye mtoto wake alikuwa kila siku mlangoni kwa bibi kuomba chumvi, akaacha kumtuma. Kisha mchana mmoja nimerudi shule nikakuta majivu yamemwagwa kulizunguka lori, duara zuri, la mtu aliyetulia. Kutoka kwenye duara ulitoka mstari mwembamba. Niliufuata kwa macho, uani, ukapita jikoni, ukaishia kwenye kizingiti cha bibi.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na lori tu, linapumua.

Baba aliyatazama yale majivu kwa muda, akaniita nyuma ya zizi.

"Hili gari lazima liharibike," alisema.

"Liharibikeje?"

"Mbele za watu. Life kwenye mnada wa ng'ombe, walisukume, wachafuke, watucheke mpaka wachoke. Mtu hasukumi msukule."

"Na mimi nifanye nini?"

"Utanisaidia kuliharibu."

Nilitaka kumwomba aseme tena mbele ya mashahidi. Maisha yangu yote nimeharibu vitu kwa juhudi binafsi, nikachapwa. Leo nimepewa kibali.

Siku ya mnada wa ng'ombe, kabla hatujatoka, baba alifunga koki ya dizeli chini ya tanki. Alisema dizeli iliyobaki kwenye mpira itatufikisha kwa wauza ng'ombe, hapo litazima. Tulifika kwa wauza ng'ombe. Tukawapita. Tukawapita wa mitumba, na mama wa chai. Baba uso wake ulikuwa tayari kuonyesha masikitiko, ukakaa hivyo hivyo bila kazi. Akazunguka mnada wote, akazunguka tena, polepole, injini inanguruma bila hata kukohoa. Watu wakaanza kugeuka. Mzee mmoja anayeuza kamba alikusanya kamba zake akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Tulirudi nalo nyumbani likiwa linawaka. Baba akaingia chini.

"Koki imechoka," alisema kwa sauti kubwa, kama anamwambia mtu wa mbali. "Haifungi vizuri. Ndiyo maana." Halafu akatoka kinyumenyume, bila kuligusa.

Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imefika kila nyumba: lori la yule bibi lilikuwa mnadani, linazunguka, linatafuta mtu.

Rafiki wa baba alikuja kumwambia vijana wameanza kukaa vikao, afadhali amtoe mama yake kabla ya mnada mwingine. Bibi alikataa.

"Niondoke, kaburi la babu yako nani atalifagia?" aliniuliza. "Wewe mume wangu? Wewe hata chumba chako hufagii."

"Bibi, hawa watu hawatanii."

"Najua. Nitapanda lori na nyinyi. Wanataka kuniona, wanione."

Basi mnada uliofuata bibi alikaa mbele, amevaa kitenge chake cha ibada, vidole vimeshika fremu ya dirisha. Mpango ulikuwa baba asimame katikati bila kuzima injini, ajifanye anakagua matairi. Mimi niingie chini nilegeze nati ya bomba la dizeli, injini ivute upepo, ife. Hapo koki haina la kusema.

Tuliposimama, watu walinyamaza. Mnada wa ng'ombe ukinyamaza unasikia ng'ombe wanavyotafuna. Wamama waliwavuta watoto nyuma ya sketi. Vijana wachache walikuwa wamesimama pamoja na fimbo za kuswagia, na hawakuwa na ng'ombe.

Niliingia chini. Kule chini kulikuwa na joto na giza la kivuli, na ile pumzi, karibu na sikio, sssss. Nikaipata nati, nikapeleka spana. Hapo juu yangu, kwenye bodi ambayo haikuwa na kitu, mabenchi yalilia. Yalilia moja baada ya jingine, kuanzia nyuma kuja mbele, kama yanavyolia watu wakikaa.

Injini ikazima.

Spana yangu ilikuwa bado haijaigusa nati.

Baba akapiga stata. Nge-nge-nge-nge. Kimya. Akapiga tena. Nge-nge. Tangu tulinunue nilikuwa sijawahi kusikia sauti hiyo. Mtu mmoja nyuma kabisa akapaza sauti, "Mzee, askari wamegoma!"

Mwingine akajibu, "Hawajalipwa posho!"

Kicheko kikaanza pembeni, kidogo, hakijajiamini. Nikatoka chini, uso mweusi kwa oili, na kijana mmoja mwenye fimbo akaninyooshea kidole. "Huyo hapo! Huyo ndiye msukule wenyewe, kachoka!"

Kicheko kikakatika. Wote wakanitazama. Sijui nilifikiri nini, labda sikufikiri, ndivyo ninavyoishi. Nilikaza shingo, nikanyoosha mikono mbele, nikaanza kutembea kama gogo kumfuata yule kijana. Akaruka nyuma. Sikusikia hata ng'ombe.

Bibi akashuka kwenye lori, akanichapa na ncha ya kitenge mgongoni. "Msukule gani anamaliza ugali wa nyumba nzima? Angekuwa wangu ningeshamuuza! Sukumeni gari, acheni kumtazama huyu mjinga."

Mnada ulipasuka kwa kicheko. Mama wa chai alikaa chini kabisa. Yule kijana mwenye fimbo alicheka mpaka akaegemea lori, kisha akakumbuka alichokiegemea, kisha akaendelea kuegemea. Wakaja, wengi, wakaweka mabega, wakatukana pua yake ndefu, matairi yake, fundi wake na aliyemuuzia baba. Yule jirani wa chumvi alijikuta bega kwa bega na bibi, wote wawili vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mama," alisema bila kumtazama.

"Marahaba mwanangu. Weka nguvu, usiniegemee."

Halikuwaka. Walilisukuma mpaka ukingoni mwa barabara wakatuacha nalo, na kila aliyepita alikuwa na ushauri. Baba alitoa upepo kwenye pampu, akafungua, akafunga, hakuna. Watu walipokwisha wote, pamebaki kinyesi cha ng'ombe na vumbi linashuka, baba alijaribu stata kwa kukata tamaa. Mguso mmoja. Likawaka.

Njiani aliniambia, "Kazi nzuri. Ile nati uliilegeza kiasi gani?"

"Sikuigusa, baba."

Alikanyaga mafuta mpaka nyumbani. Aliingia chini, akakaa huko. Nati ilikuwa imekaza, na bluu aliyoipaka mwenyewe juu yake haikuwa hata na mkwaruzo.

"Gari la zamani," alisema alipotoka. "Lazima siku moja lizime."

"Leo?"

"Kalete maji ninawe."

Bibi alifagia mstari wa majivu kizingitini kwake, na kesho yake mtoto wa jirani alikuja kuomba chumvi. Tangu hapo lori linaharibika. Linaharibika mnadani, mbele za watu, kila baada ya muda, na watu wanalipenda siku hizi; wakiliona tu wanapiga kelele, "Askari wamegoma!" na kukunja suruali. Kwenye tope halijawahi kuzima. Njia ya Katoro halijawahi kuzima. Baba haulizi tena. Anapaka grisi yake na kuimba vibaya.

Asubuhi ninapotoka na begi la shule namkuta bibi anafuta vioo. Siku hizi akimaliza anaongeza, "Wabeja," yaani asante, na kugonga boneti. Lori limelala tangu jana, upepo wote ulishatoka, fizikia inasema hivyo. Sssss, linasema lori.

Na mimi nikipita nalipa shikamoo. Halafu natembea haraka kidogo, kabla halijaitikia.