Kufuli la Ghala la Mdalasini

Wenzangu wakinusa mdalasini hukumbuka chai, pilau, Idi. Mimi hukumbuka baruti. Jirani yangu hapa mjini, Mafiga, hutwanga mdalasini wake kila Ijumaa asubuhi, na harufu ikishavuka ukuta huwa naacha ninachofanya, naenda kulishika kufuli la mlango wa nyuma nione kama limefunga. Mume wangu ameshazoea. Watoto wananicheka, wanauliza mama analinda nini humo wakati kuna masufuria tu. Nawaacha wacheke. Hawakulelewa Kinole, na hawajawahi kuusikia mlima ukinyamaza.

Kinole ya utoto wangu ilikuwa mvua na ukungu. Ukungu ulishuka kutoka msituni mchana kweupe, ukapita kwenye migomba, ukaingia jikoni kwa bibi bila hodi. Ukikukuta shambani humwoni hata mwenzako wa mstari wa pili, ndiyo maana watu wa kwetu waliitana. Mmoja alipiga "Huuuu-iii!" huko juu, wa chini akaitika vilevile, ijulikane kwamba kila mtu yupo na ni mzima. Mwenye sauti nzuri kuliko wote alikuwa Mama Mdogo Zuhura, mdogo wake mama, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Mimi ndiye niliyemwitikia kutoka uani. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote nilizopewa, maana haikuhitaji jembe.

Mkubwa wa nyumba alikuwa Mjomba Shomari, kaka yao. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Baba zetu tuliwapenda, lakini walikuwa kama wageni wa heshima. Mjomba alimiliki gobore kwa kibali, bunduki ya zamani ya kushindilia baruti mdomoni, ya kuwafukuzia nyani na nguruwe pori. Lilikaa darini juu ya meko ya bibi, katikati ya mahindi ya mbegu, moshi ukilikausha. Kwenye mtutu wake kulifungwa kitambaa cheusi. Bibi alikifunga kwa mikono yake na kukisomea maneno, na kijiji kizima kilijua kwamba mwizi atakayeligusa mkono wake utavimba mpaka begani. Mimi nikipita chini yake kuchukua kuni niliinamisha kichwa.

Siku moja alikuja askari kukagua silaha. Alipanda mlima kwa miguu, viatu vimejaa tope, akaonyeshwa darini. Hakufurahi.

"Mzee, silaha inakaa kwenye kasha la chuma," alisema. "Kasha unalifungia ukutani, halafu unapiga kufuli. Ikiibwa hii, atakayeumia ataulizwa kwako."

Mjomba alimwitikia vizuri, akamfungia na ndizi za kushuka nazo. Na kweli, alipokwenda mjini alirudi na kufuli, zito, la shaba, la kujaa kiganja. Akalifunga kwenye ghala la mdalasini.

"Kinachoibwa hapa ni mdalasini," alimwambia bibi. "Hilo gobore, nani mwenye akili zake atalishika?"

Tulicheka, maana alisema kweli. Tangu nizaliwe nilikuwa nimesikia watu wakilalamika kuibiwa mdalasini, ndizi, hata kuku wa kutaga, na hakuna aliyewahi kusema kitu cha bibi chenye kitambaa kimeguswa. Kasha la chuma Mjomba alisema atalichongesha baada ya mavuno.

Masika yale dada yake bibi akafariki, msiba ukawekwa nyumbani kwetu. Kama hujawaona watani wakiwa kazini kwenye msiba wa kwetu, hujaona kitu. Mzee Kibwana, mtani wetu wa ukoo wa ng'ambo ya mto, alivaa gauni la marehemu na kupita katikati ya waliaji akilalamika kwamba hakuna anayempa pole. Watu walilia na kucheka kwa pumzi moja. Mjomba alikuwa akimwita mtumwa wake, na yeye alimwita Mjomba mtumwa wake, tangu ujana wao. Na watani wana ruhusa ya kubeba chochote nyumbani mwa wafiwa, jogoo, sufuria, mwavuli, wakakificha mpaka siku ya kuanua matanga, ndipo wafiwa hukikomboa kwa kitu kidogo. Kukasirika ni aibu.

Tuliporudi kutoka makaburini bibi aliingia jikoni kuchukua chumvi, akatoka bila chumvi. Tukaingia kutazama kulikoni. Pale darini palipokuwa na gobore palibaki mstari mrefu, msafi, usio na masizi. Kitambaa cheusi kilikuwa juu ya mahindi, kimekaa mviringo, na fundo lake lilikuwa bado limefungwa. Leo najua kitambaa kama kile huteleza kikavuka mdomo wa mtutu. Siku ile niliona bunduki imejivua yenyewe na kuondoka.

Mjomba alilitazama fundo lile, halafu akacheka kwa nguvu. "Ni Kibwana huyo! Kitambaa hakimzuii mtani."

Kila mtu akaona ndivyo. Mtani anavaa nguo za maiti na hadhuriki. Atashindwa na kitambaa? Mwizi angeogopa, kwa hiyo si mwizi. Hivyo ndivyo wakubwa wangu walivyohesabu, na mimi niliridhika kabisa.

Kesho yake mchana, ukungu ukiwa umekaa, ukasikika mlio kutoka juu karibu na msitu. Haukuwa wa kupasuka. Ulidunda, mzito, ukazunguka bonde na kurudi kwetu kutoka upande mwingine. Nyani waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza, na ndege, na hata mbuzi wetu. Kisha harufu ikashuka na ukungu, kali, ya kiberiti kilichoungua.

"Mtani anawinda," Mjomba alisema. "Ataniletea nyama."

Ulilia tena siku nyingine, upande wa mto, na tena, karibu zaidi. Daima kwenye ukungu. Hakuna aliyemwona mpigaji. Niliacha kwenda kuchota maji peke yangu. Nilihisi kile kitu kinatembea bila mtu, kinatafuta njia ya kurudi darini.

Siku ya kuanua matanga watani walileta jogoo, wakaleta sufuria, wakaleta mwavuli. Vikakombolewa kwa vicheko. Mjomba akakunjua mikono.

"Na kile kirefu?"

"Kirefu gani?" Mzee Kibwana aliuliza.

Tukaangua kicheko. Akaapa hajachukua, tukazidi kucheka, kwa sababu mtani akiapa huwa ndiyo kanoga. Akaapa tena. Hapo akavua kofia yake, akamwendea Mjomba mpaka karibu.

"Shomari," alisema. "Kwa mama yangu aliyelala pale juu, sijaligusa."

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita kwa jina. Watu waliacha kucheka mmoja mmoja, na mimi nilimwona mjomba wangu, mtu mkubwa kuliko wote niliowajua, akitafuta mahali pa kukaa.

"Kaka, shuka leo hii ukatoe taarifa," Mama Mdogo Zuhura alimwambia. "Kuna mtu ana bunduki yako huko juu."

"Nitashuka. Njia imeharibika kwa mvua, ikikauka kidogo nitashuka."

Njia ilikuwa mbovu kweli. Lakini nadhani iliyomshinda ni sura ya yule askari, na swali lake la kwanza: kufuli ulilifunga wapi?

Iliki haingoji njia ikauke. Mama Mdogo alipanda shambani kuchuma, kikapu mgongoni. Ukungu ukashuka. Akaita, "Huuuu-iii!" Nikaitika. Akaita tena, juu zaidi, nikaitika. Ukadunda ule mlio. Nilisubiri aite. Mlima ulikuwa umenyamaza wote. Nikaita mimi, nikaita tena, nikapanda juu ya kinu nikaita mpaka koo likaniuma, na kilichonijibu ni sauti yangu mwenyewe kutoka ng'ambo.

Mjomba alinipita akikimbia, peku, na Mzee Kibwana nyuma yake.

Mama Mdogo alipona. Jicho lake la kushoto halikupona. Aliyefyatua bila shaka aliona jani linatikisika akadhani nguruwe. Hajajulikana mpaka leo. Gobore lilikutwa limetupwa kwenye kijito, mdomo ndani ya maji. Mjomba alishuka mwenyewe kituoni, hakungoja kuitwa. Alikaa huko mahabusu, akarudi amekonda, bila kibali. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulifungua lile kufuli kwenye ghala la mdalasini na kulitia mfukoni, na humo lilikaa, likitoboa mfuko baada ya mfuko. Watu walipokuja kumpa pole kwa kulaani mwizi, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kufuli nilikuwa nalo."

Tangu hapo, tukikaa kunywa chai, Mjomba alikaa kushoto kwa Mama Mdogo. Kila siku, hata kivuli kikiwa upande wa pili. Nilipokuwa mtoto niliona uzuri ndani yake: kaka anamlinda dada upande asiouona. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba alichagua mahali ambapo dada yake hawezi kumwona.

Na Mama Mdogo alijua. Kila akipokea kikombe kutoka kwa kaka yake aligeuza kichwa chote, taratibu, mpaka jicho lake zima limfikie, akamwambia, "Asante, kaka." Mjomba aliinama akashika mfuko wake.