Fainali ya Nyuma ya Kitenge

Sijui ni nani aliyenishawishi nikubali ukatibu wa klabu ya sataranji. Ningemkumbuka ningemfuata leo hii nimrudishie faili lake. Mji wetu ni wa drafti. Watu wanacheza kwa vifuniko vya soda, watazamaji kumi wanashauri kwa sauti, na anayekula kete anaibamiza mpaka majirani wasikie. Hao hao ndio wanachama wangu. Nilibandika karatasi ukutani yenye neno KIMYA kwa herufi kubwa, nao wakakaa chini yake wakibishana.

Kelele ningezivumilia. Kilichonishinda ni heshima.

Tunaye mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, anayetoka Nyasubi kule Kahama kila Jumamosi kwa basi la kwanza, na chupa yake ya chai kwapani. Kila anayekaa mbele yake anaanza na shikamoo, na baada ya nusu saa anajifanya hakuona kwamba malkia wake yuko hatarini. "Aa, mama, umenikamata!" anasema, huku anacheka. Mama hacheki.

"Katibu," aliniambia siku moja, "mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Mtoto aliyekosa namjua, na aliyekosa makusudi namjua. Nataka mtu mmoja anifunge kweli, au nimfunge kweli. Shindano linalokuja likiisha bila hilo, nabaki nyumbani na kuku wangu."

Niliitikia kwa kichwa tu, maana nilikuwa na aibu. Wa kwanza kumwachia nilikuwa mimi. Siku aliyojiunga nilimtolea farasi bure, nikijiona muungwana.

Kwa hiyo kwenye shindano nikawa mkali. Nilitangaza kwamba atakayeachia mchezo makusudi nitamfungia. Wote wakaitikia, "Sawa, katibu," kisha wakamwachia vilevile, ila safari hii kwa ustadi zaidi. Mama akafika fainali kanuna.

Upande wa pili akafika mchimbaji mmoja wa Rwamgasa, mtu aliyejifunzia sataranji kwenye simu akisubiri zamu ya kusaga mawe yake kwenye karasha. Huyu hakumwachia mtu. Aliwafunga wote, wengine hata chai hawajamaliza. Nikasema moyoni, dawa ya mama imepatikana. Kilichonitatiza ni kimoja tu: kila mama alipoingia ukumbini, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilidhani tumbo linamsumbua, nikamshauri apunguze maharage.

Nilipowaita kwenye fainali, mama akakaa. Mchimbaji akabaki mlangoni, uso kaugeuzia ukutani.

"Katibu, siwezi. Yule ni mama mkwe wangu."

Nilitaka kulia. Kwetu Usukumani mtu hakai uso kwa uso na mama mkwe wake, sembuse kumnyang'anya kete. Na kumbe ukumbi mzima ulijua, mpaka muuza maji. Fomu yangu ya usajili inauliza umri, kata na namba ya simu; haiulizi umeoa kwa nani. Watazamaji, ambao kwa ushauri hawajambo, wakashauri mama apewe ushindi kwa kuwa ni mkubwa.

Mama akapiga meza. "Nani kasema hivyo?"

Wote wakanyamaza, jambo ambalo karatasi yangu haijawahi kuliweza.

Halafu akafungua mkoba, akatoa kitenge. "Tundika," akaniambia. Tukafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye nguzo, tukatundika kitenge katikati, meza moja huku na nyingine kule, kila mmoja na ubao wake. Mimi nikawa mjumbe. Mkwe anacheza, nazunguka, nachezesha vilevile kwenye ubao wa mama. Mama anacheza, nazunguka tena. Ukatibu gani huu wa kukimbia kama mpeleka posa? Shati likaloa.

Na mchezo ulikuwa mtamu, sisemi uongo. Mkwe alikuwa anambana mama polepole, mama naye anachomoka. Nilipopita upande wake nikaona ameisahau kabisa chai yake. Basi ndipo yule bwana alipomshika malkia wake, akamweka mbele ya askari wa mama, hana kinga yoyote. Hata mcheza drafti angeona.

"Unafanya nini?" nikamnong'oneza kwa hasira.

Akaangalia viatu vyake. "Peleka, katibu. Nitamfungaje mtu aliyenipa mke?"

Nikasimama penye ukingo wa kitenge. Ningeweza kumweka malkia penye usalama kwenye ubao wa mama, na nani angejua? Lakini mimi mama nilishamdanganya mara moja. Nikapeleka kama nilivyotumwa, roho inaniuma.

Mama akaangalia ubao. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Malkia hakumgusa. Akasogeza askari wa pembeni kabisa, hatua moja isiyo na maana yoyote. Nikazunguka. Mkwe akaona, akamwacha malkia palepale, akacheza kitu kingine. Nikarudi kwa mama. Akamsogeza yuleyule askari wa pembeni hatua nyingine, kisha akapaza sauti ukumbi mzima usikie.

"Katibu, mwambie mkwe wangu ng'ombe wote alishaleta, mahari imekwisha. Huyu wa leo ni wa nini?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nyuma ya kitenge mkwe naye akacheka mpaka akajishika uso. Kisha akamwondoa malkia hatarini, akajiweka sawa kwenye kiti, na kuanzia hapo hakumhurumia mama tena. Akamfunga. Mama aliukagua ubao kwa muda mrefu akitafuta pa kutokea, hakupaona, akamlaza mfalme.

"Wabeja, mkwe wangu," akamshukuru kwa Kisukuma, kwa furaha.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kufungua kamba.

"Katibu, kaa hapa."

"Mwalimu, bado kuna zawadi za kutoa, kuna hotuba ya..."

"Kaa. Wewe ndiye uliyeanza."

Kumbe alijua tangu siku ile ya farasi. Nikakaa. Nilicheza kwa nguvu zangu zote na akili zangu zote, sikumwachia hata kete moja, naye akanifunga vibaya sana. Watazamaji wakaja kunipigapiga mgongo. "Umefanya vizuri, katibu, kumwachia mama naye afurahi." Nikaapa kwamba nimefungwa kihalali. Wakanikonyeza. Mpaka leo hakuna anayeniamini.

"Mwalimu," nikamwomba, "waambie ukweli."

Alikuwa anakunja kitenge chake, anatabasamu. "Niwaambie nini?" akasema. "Jumamosi nitakuja na basi la kwanza."