Kabati la Mwezi wa Tatu

Watu wa mjini tumeyapenda makabati ya boksi. Unaenda dukani Kariakoo, unachagua rangi, unaletewa mbao zimelazwa ndani ya maboksi, na mfuko wa skrubu, na karatasi ya michoro ambayo hakuna anayeisoma. Fundi anaisogeza kando kwa mguu, anaanza kazi. Miezi mitatu baadaye mlango haufungi, droo inachomoka, na ubao wa chini umevimba kama mkate uliolowa. Sababu ni kwamba jiko la Bongo linadekiwa kwa ndoo ya maji, na mwenye nyumba amekataa kubandua nailoni ili kabati libaki jipya. Nailoni inashika maji, ubao unayanywa. Hapo ndipo anapotafutwa Heriel.

Heriel ana miaka hamsini na mmoja. Ni mtu wa Marangu aliyekuja mjini kijana na kuweka makazi Ilala. Mpaka mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa akifunga makabati mapya pia. Siku hizi hafungi, anarekebisha tu waliyokosea wenzake. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kazi ni kazi. Anatembea na bisibisi tatu, drili, pimamaji, na kisu cha kuchongea, na hicho kisu ndicho kinachomtofautisha. Kuta nyingi za huku ni za tofali laini. Ukitoboa linatoka vumbi tupu, na vigingi vya plastiki vinavyokuja kwenye boksi vinazunguka ndani ya tundu. Yeye huchonga vigingi vya mninga, vyenye pande tatu, anavigongea ukutani vikabana, ndipo anapopiga skrubu katikati. Sijamwona mwingine anayejisumbua hivyo. Mafundi wenzake wanasema anapoteza muda, na kazi za hao wanaosema ndizo anazokwenda kurekebisha.

Mkewe, Severa, alifariki mwezi wa tatu. Ilikuwa presha, ikampata ghafla. Heriel alimsafirisha, akamzika Marangu kwenye shamba la migomba la familia, kama ilivyo desturi ya kwao. Kaburini hakulia. Alisimama, akashikana mikono na watu, akawaambia asanteni kwa kuja. Shemeji yake, dada wa marehemu, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamume huyu hata chozi la kuazima hana. Caroline, binti yao wa pekee, anayesomea ualimu Moshi, alimtazama tu baba yake usoni, akitafuta, akakosa. Tangu siku hiyo wanaandikiana salamu peke yake.

Sasa Desemba imefika, na kila Mchaga wa mjini anafunga mizigo kwenda kula Krismasi nyumbani. Heriel hajakata tiketi. Anaogopa kukaa meza moja na Caroline akiwa na uso uleule wa kaburini, maana ukweli ni kwamba mpaka leo hasikii kitu. Hana uchungu, hana nafuu. Anakula kwa sababu saa ya kula imefika. Mwezi wa tatu wote umemtoka kichwani: anakumbuka kaburi, halafu anakumbuka Pasaka, na katikati hamna kitu. Taratibu ameanza kuyaamini maneno ya shemeji yake, kwamba labda hakumpenda Severa. Na kama hakumpenda, atamwambia nini mtoto?

Jumatano moja alipigiwa simu na mwanamke anayeitwa Nawal. Alisema anakaa Tanga kwa mumewe, amekuja kumwona mama yake Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya tatu, na amekuta kabati la ukutani limeinama mbele kiasi kwamba vidole vinne vinapita nyuma yake. Namba aliipata kwa muuza bawaba wa Mtaa wa Mchikichi.

Heriel akapanda ngazi za vigae, sawa na ngazi za jengo lolote jipya la Kariakoo. Mlangoni Nawal alikuwa na ya kusema. Alisema mama yake ni mkaidi. Amekaa na kabati hilo miezi yote, sahani zake zimejaa beseni sakafuni, kabatini hakuna hata kijiko, na bado alikuwa hataki fundi aitwe. Tena kila asubuhi anaketi chini yake palepale kukuna nazi.

Mama huyo, Bi Azza, alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, bakuli mbele yake. Heriel akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba, kisha akamtazama kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Halafu akaisogeza mbuzi yake karibu na mlango kumpisha, akaendelea kukuna.

Kuna swali ambalo kila fundi wa nchi hii huanza nalo, awe wa gari, wa bomba au wa cherehani. Heriel naye aliliuliza bila hata kulifikiria: nani aliwafungia hii?

"Fundi mmoja tu," alisema Bi Azza.

Nawal akasema huyo fundi akimpata atamvika kabati lenyewe kichwani. Heriel akaanza kutaja makosa kwa sauti yake kavu. Ubao wa kulia umewekwa kushoto, ndiyo maana ubavu mbichi usio na rangi unatazama sebuleni. Bawaba za mlango wa kona zimefungwa kwenye mlango wa kawaida. Mlango mwingine umewekwa kichwa chini, kishikio kiko juu kabisa ambako mama huyu hafikii. Akasema kwa maoni yake aliyefanya kazi hii alikuwa amelewa. Bi Azza akaacha kukuna. Kisha akaendelea.

Nawal alipoteremka kwenda sokoni, Heriel alipanda ngazi yake ya kukunja, akalegeza skrubu, na kabati likaja mikononi karibu peke yake. Akaliweka sakafuni. Akautazama ukuta.

Vigingi vilikuwepo. Vilikuwa vinne, vya mninga, vya pande tatu, vimegongwa vikalingana na lipu. Lakini skrubu hazikuwa ndani yake. Kila skrubu ilikuwa imepigwa pembeni ya kigingi chake, umbali wa kidole kimoja, kwenye lipu tupu. Mtu alikuwa amechonga, ametoboa, amegongea kwa ustadi wote, halafu akapiga skrubu pembeni, mara nne zote.

Heriel alivigusa kimoja kimoja. Alingoja astuke, mstuko haukuja. Aliona haya kidogo kwa lile neno la ulevi, basi. Akaketi kwenye daraja la chini la ngazi.

"Mama, hii ni kazi yangu."

"Najua, mwanangu."

Akamuuliza kwa nini basi hakumwita arudi. Bi Azza akajifuta mikono, akamweleza. Maboksi yaliletwa Jumanne, yeye akiwa peke yake nyumbani, na fundi aliyekuja nayo ndiye huyu. Alipomkaribisha chai, fundi alikataa, akamwambia jambo moja tu, kwamba Jumamosi amemzika mke wake. Kisha akageukia ukuta.

"Ulilia kuanzia saa tatu mpaka adhana ya alasiri," alisema. "Unapiga skrubu, unalia. Unashuka kuchukua mlango, unalia. Nilikupa kanga yangu ujifute, ukaiweka begani ukaendelea. Niliona mlango umegeuka. Sasa ningekwambiaje? Mfiwa harudishwi kwa ajili ya kabati."

Ndiyo maana alitoa vyombo vyote siku ileile ya kwanza, akavipanga kwenye beseni. Kuhusu kuketi pale chini, alisema kabati tupu halimuui mtu, na jiko lenyewe halina pengine pa kukaa.

Heriel akauliza tena, kama anavyouliza kipimo ambacho hakukisikia vizuri, kama ana hakika aliyelia ni yeye. Machozi kabisa?

"Machozi kabisa," alisema Bi Azza. "Na kamasi."

Akarudi kwenye kazi. Aling'oa zile skrubu, akaziba matundu, akapiga nyingine katikati ya vigingi, safari hii akihakikisha kila moja kwa kidole. Akabadilisha mbavu za kabati, akazirudisha bawaba mahali pake, akaugeuza mlango. Bi Azza alimsaidia kushikilia upande mmoja ingawa hakuombwa. Wakati wote Heriel alitamani kufurahi, au kulia tena ili ajionee mwenyewe. Hakuna kilichokuja. Alijisikia kama mtu aliyepewa habari za jirani. Kitu kimoja tu alikijua kwa uhakika, kwamba Caroline lazima asikie, na kwamba habari hiyo haiwezi kutoka kinywani mwake, maana mtu hajishuhudii machozi yake.

"Mama, nina binti," alisema. "Naomba umwambie yeye kama ulivyoniambia mimi."

Bi Azza hakuuliza sababu. Heriel akapiga simu, akafungua sauti, akaiweka mezani kando ya bakuli la nazi. Caroline alipokea na shikamoo yake. Baba yake akamwambia kuna mama mmoja anataka kuzungumza naye, akarudi nyuma hatua mbili.

Bi Azza aliinama mpaka mdomo ukakaribia simu. Alisema anaitwa Azza, anakaa Kariakoo, hawajuani. Kisha akasimulia ile Jumanne: chai iliyokataliwa, kanga, mlango uliogeuka, saa tatu mpaka alasiri. Hakuongeza, hakupunguza.

Caroline akauliza kama baba yake alilitaja jina la mama. Bi Azza akasema hapana, hakulitaja, na mpaka leo yeye hajui marehemu aliitwa nani.

"Aliitwa Severa," alisema Caroline, na sauti yake ikakatika. Ilipomrudia, alisema: "Bibi, mwambie baba aje Krismasi. Mwambie hata asipolia, aje tu."

Heriel alisikia mwenyewe, maana simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Akaitikia kwa kichwa, bisibisi mkononi, kana kwamba anaonekana Moshi.