Tairi za Kurudia Kiomboi

Dereva wa teksi wa Kiomboi hubonyeza tairi zake kwa kidole gumba, kama mtu anayepapasa kifua cha kuku mnadani kabla ya kununua. Siku ya mbio za magari Singida, washindani wenzake walishusha magari kutoka kwenye malori, yamevaa tairi laini za mashindano. Yeye alikuja akiendesha teksi yake, na tairi zilezile za kubebea abiria.

“Baba, hizo zitapasuka,” mkaguzi akamwonya.

“Zikipasuka nitarudi kwa miguu. Nipishe!”

Kila baada ya mizunguko michache alisimama, akazitemea mate. Yakichemka, alipunguza upepo, akarudi kuziliza kwenye kona. Alimaliza wa mwisho. Wenzake wakihangaika kupakia magari, yeye alishafika getini, anaita kwa sauti yake ya kukwaruza: “Kiomboi! Wamebaki wawili! Mkaguzi, kaa mbele uzisikilize tairi hizi vizuri!”