Chumba cha Uani

Mwongozo ulitoka makao makuu Dar es Salaam ukaja kwenye simu. Ulisema wafanyakazi wote wa Ifakara watafanyia kazi nyumbani mpaka tutakapoambiwa vinginevyo, kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yameingia ofisini na kulowesha kuta mpaka nyaya za umeme zikaanza kutoa cheche. Kila mtu achague chumba chenye utulivu, aweke meza na kiti kisichoumiza mgongo, awaeleze watu wa nyumbani kwamba yuko kazini. Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikairudisha simu kwenye mkoba. Aliyeuandika bila shaka alikuwa na chumba cha ziada.

Kazi yetu ilikuwa ya kupiga simu. Tuliwapigia wakulima wa bonde zima, kuanzia Kiberege mpaka Uchindile huko Mlimba, tukiwauliza mvua imenyeshaje, mpunga umefikia wapi, mbolea wameipata au wamepata ahadi. Wapigaji walikuwa vijana, wengi wametoka chuo juzijuzi, na mimi nilikuwa msimamizi wao. Waliniita Madam. Sikuwahi kulipenda jina hilo, ila nililizoea.

Nilikuwa naishi Mlabani, hapo hapo Ifakara, kwenye nyumba ambayo mume wangu aliniachia wakati wa mvua za mwaka uliotangulia. Nasema aliniachia kana kwamba alisafiri. Alifariki. Sikulia. Watu wa jumuiya walikuja kusali rozari, mashangazi wakanishika mabega, jirani yangu wa ng'ambo ya ua akalia mpaka sauti ikakauka, na mimi nikawa naangalia kama sukari ya wageni inatosha. Nilidhani machozi yatakuja baadaye, hayakuja. Msiba ulipokwisha nilirudi ofisini, na ofisi ilinifaa, kwa sababu pale hakuna mtu anayekutazama usoni kwa muda mrefu. Sasa ofisi imefungwa, nikarudishwa kwenye meza ya chakula, nikitazamana na kiti chake kitupu.

Makao makuu walinitaka niwasaidie vijana wazoee. Wiki za mwanzo nilishinda nikipokea malalamiko. Mmoja mama yake alimweka afukuze kuku kwenye mpunga ulioanikwa, maana si yupo tu, amekaa. Mwingine alikuwa katikati ya mahojiano na mkulima, mjomba wake akamwita dirishani amtume vocha.

"Madam, nyumbani noma," aliniambia.

"Fungeni milango," niliwajibu wote, kwa ukali kuliko walivyostahili. "Mtu akigonga msifungue. Mko kazini."

Aliyenitii kuliko wote alikuwa binti mmoja wa Kiberege. Alilelewa na bibi yake tangu anaanza kutembea, na mpaka leo aliishi naye, pamoja na mjomba na mke wa mjomba. Wakati wa ofisi alikuwa anakuja Ifakara na basi la asubuhi, wa kwanza kufika. Nilimpenda, kwa kadiri nilivyoweza kupenda mtu siku zile. Siku moja alinipigia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Madam, mimi naacha kazi."

"Kwa nini?"

"Bibi haniitikii shikamoo."

Kuna mambo unaweza kumwambia kijana avumilie, lakini hilo si mojawapo. Shikamoo ambayo haikuitikiwa hukaa hewani siku nzima, na wewe uliyeitoa huna pa kwenda nayo. Nilimwambia asiandike chochote, nakuja.

Nilimkuta bibi barazani, ungo mapajani, anapepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa ili mjukuu wake asikie kwamba marahaba bado zipo. Kisha akasema yaliyokuwa moyoni, mikono yake ikiendelea na ungo.

"Mwanangu, huyu nimemlea mimi. Sasa naishi naye kama mpangaji. Juzi dada yangu kaja kutoka Mahenge, mtu mzima, miguu imevimba kwa safari. Kakaa hapa hapa. Mtoto yumo ndani, mlango kafunga, hatoki kumwamkia. Halafu tunamsikia humo ndani anaamkia watu wa kwenye simu. Shikamoo baba, shikamoo mama. Shikamoo zote zinakwenda nje, sisi wa humu hatubakiwi hata na moja."

Mjomba aliyekuwa anarekebisha baiskeli akadakia kwamba mtu akiwa nyumbani yuko nyumbani, na kama hana kazi ya kutoka, mpunga unawiva, ndege wapo, aende shamba. Binti alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Kazi ile ndiyo iliyomlipia mdogo wake shule, na bibi ndiye mama pekee aliyemjua. Alikuwa ananitazama mimi nichague. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilijua ni mimi niliyemwambia afunge mlango, na hata hilo nalo halikuniuma inavyotakiwa.

Nikamuuliza bibi zamani, wakati wa basi, ilikuwaje.

"Zamani alikuwa ananiamkia, ananiaga, anaondoka. Jioni anapiga hodi, nampa pole. Nilikuwa najua yuko wapi. Sasa hajatoka, hajarudi. Nitampaje pole mtu ambaye hajatoka?"

Nikakumbuka hodi za nyumbani kwangu. Mume wangu alikuwa na jibu lake moja miaka yote. Ukipiga hodi, awe anakuona au hakuoni, atasema, "Karibu, kama umekuja na samaki." Nililikumbuka kama mtu anavyokumbuka namba ya simu ya zamani.

"Basi aondoke," nikasema.

Uani kulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wake, wanaweka majembe na magunia. Nikawaeleza. Asubuhi binti aoge, avae viatu, achukue mkoba na chakula chake, amwamkie bibi, amuage, atoke kwa mlango wa mbele mpaka barabarani. Azunguke nyuma ya migomba ya jirani, aingie chumba cha uani, apige simu zake. Saa kumi jioni afunge, azunguke tena, aje kwa mbele apige hodi. Mjomba alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Bibi hakucheka. Aliweka ungo chini akauliza kama kule kazini kuna dirisha, maana mtoto atapata joto.

Bibi ndiye aliyeifanya kazi ile iwe kazi. Asubuhi alimsindikiza mpaka barabarani. Mgeni akija na kumuulizia, alijibu, "Hayupo, yuko kazini," huku sauti ya mjukuu wake inasikika ukutani ikimuuliza mtu wa Uchindile habari za mbolea. Mgeni akishangaa, bibi alimkazia macho mpaka aache. Mjomba akileta utani aliambiwa anyamaze, ataharibu kazi za watu. Na jioni, hodi ikipigwa, ilikuwa karibu, shikamoo, marahaba mwanangu, pole na kazi.

Niliwapa wengine dawa hiyo hiyo. Yule wa kuku alizunguka uwanja wa mpira na baiskeli kisha akarudi chumbani kwake, na mama yake akatafuta mtu mwingine wa kufukuza kuku. Makao makuu waliridhika wakasema hakuna haja ya kupanga ofisi nyingine. Mimi mwenyewe sikujaribu. Nilikuwa naamka, naketi mezani, na jioni naifunga kompyuta nikiwa pale pale nimekaa. Nani ningemuaga?

Mavuno yalipofika nilipokea simu kutoka Kiberege. Bibi amefariki. Nilikwenda msibani, nikakaa kwenye mkeka na wanawake, nikasikiliza wakilia, nikashika mikono ya watu. Sura yangu ilikuwa kavu kama kawaida. Baadaye binti akaja kukaa karibu yangu akanisimulia.

Siku ile watu walikuwa shamba, bibi amebaki na mke wa mjomba. Binti mwenyewe alikuwa chumba cha uani, anaongea na mkulima mmoja wa Mlimba, akasikia nyumbani miguu inakwenda mbio. Kisha sauti ya mke wa mjomba ikisema bibi kazidiwa, ngoja amwite mjukuu wake. Kisha sauti ya bibi, ndogo, lakini ya amri.

"Mwache. Yuko kazini. Atarudi saa kumi."

"Nikamwambia mkulima, baba samahani, nitakupigia," binti alisema. "Nikavaa viatu. Nikachukua mkoba."

"Ulipita wapi?" nikamuuliza, ingawa mlango wa uani ulikuwa hatua chache tu kutoka kitandani kwa bibi.

"Nilizunguka, Madam. Nilikimbia, lakini nilizunguka. Nikapiga hodi mbele."

Bibi aliitikia karibu. Akamuuliza mbona leo mapema. Binti akamwambia wametuachia mapema, bibi, shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, pole na kazi. Alifariki kabla hawajapata gari la kumleta hospitali.

Nilimwambia amefanya vizuri. Nilimwambia asiwaze kuhusu mkulima wa Mlimba, nitampigia mimi. Akafuta uso kwa kanga, akanitazama kwa muda, mrefu kuliko ilivyokuwa ofisini.

"Na wewe Madam, jioni ukimaliza kazi, nani anakupa pole?"

"Mimi sitoki," nikamjibu.

Kesho yake nilimpigia mkulima wa Mlimba, nikamaliza maswali yake, nikapiga na nyingine zilizobaki. Saa kumi niliifunga kompyuta. Sijui ni nini kilininyanyua. Nilivaa viatu, nikachukua mkoba, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikapita kando ya tangi la maji mpaka barabarani, nikaja mbele ya nyumba yangu kama mtu atokaye kazini. Nikasimama mlangoni.

"Hodi," nikasema.

Nikangoja kwa muda ambao ungetosha kabisa kuulizwa habari za samaki. Kisha nikapiga hodi ya pili, kwa nguvu, na nilipokuwa naitamka ikageuka ikawa kilio, kikatoka chote, nikakaa kwenye ngazi na viatu vyangu na mkoba wangu nikilia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Jirani yangu akaja mbio kutoka ng'ambo ya ua, mikono ina unga, akanishika akiniuliza kumetokea nini, nani kafariki.

"Mume wangu," nikamwambia.